Alikuwa na studio nyumbani, akarekodi gitaa kwa simu: Tom Morello na albamu yake ya 2021

Kama uko Lemara, una gitaa la umeme, amplifaya ndogo na simu janja mfukoni, basi una karibu kila kitu ambacho Tom Morello alitumia kurekodi magitaa ya albamu yake iliyotoka Oktoba 2021.

Morello si msanii mchanga anayehangaika na hela ya studio. Ni mpiga gitaa wa Rage Against the Machine, moja ya bendi kubwa za rock kutoka Marekani, na ana studio yake nyumbani Los Angeles. Lakini mwaka 2020 akajikuta hawezi kuitumia. Akageukia simu.

Makala hii inaeleza ilikuwaje, kwa nini sauti ilikubali, na sehemu ambayo watu huwa wanairuka wakisimulia stori hii.

Kwa ufupi

- Albamu inaitwa The Atlas Underground Fire. Ilitoka Oktoba 15, 2021, ina nyimbo 12.
- Magitaa yalirekodiwa kwa programu ya kawaida ya kurekodi sauti kwenye simu.
- Mafaili yalitumwa kwa maprodyuza na waimbaji wa nchi mbalimbali, kila mtu akafanya kazi yake alipo.
- Baba yake Morello ni Mkenya.

Morello ni nani hasa?

Jina kamili ni Thomas Baptist Morello. Alizaliwa Mei 30, 1964, Harlem, New York. Mama yake, Mary Morello, ni mwalimu Mmarekani mwenye asili ya Italia na Ireland. Baba yake, Ngethe Njoroge, ni Mkenya aliyekuwa mwanadiplomasia, mmoja wa watu wa mwanzo kuiwakilisha Kenya Umoja wa Mataifa baada ya uhuru.

Wazazi hao walikutana Kenya mwaka 1963, miezi michache kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa. Baba alirudi Kenya mtoto akiwa bado hajafikisha miaka miwili. Tom akalelewa na mama peke yake katika mji mdogo wa Libertyville, jimbo la Illinois, ambako karibu kila jirani alikuwa mzungu.

Upande wa baba siyo wa kubeza. Shangazi yake, Jemimah Gecaga, ndiye mwanamke wa kwanza Mwafrika kuingia kwenye baraza la kutunga sheria la Kenya. Baba yake mkubwa, Dk. Njoroge Mungai, aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya.

Kijana akasoma Harvard, akamaliza mwaka 1986. Huko ndiko alikojifungia na gitaa. Alianza kulichukulia serious akiwa na miaka 17, ambayo kwa wapiga gitaa ni kuchelewa, kwa hiyo akajiwekea utaratibu wa kufanya mazoezi saa nyingi kila siku, mpaka nane, mitihani iwepo isiwepo.

Mwaka 1991 Rage Against the Machine ikaanzishwa Los Angeles. Albamu yao ya kwanza ikatoka Novemba 1992. Ilikuwa rock nzito iliyochanganywa na rap, na maneno yake yalikuwa ya kisiasa tupu.

Ngoja kwanza, "solo" hapa ina maana gani?

Kwa msikilizaji wa muziki wa dansi, neno hili linaweza kuchanganya. Kwenye bendi zetu, "solo" ni gitaa. Kuna gitaa la solo, gitaa la rhythm na gitaa la bezi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuwa mpiga solo, lakini nyuma yake kulikuwa na bendi nzima.

Kwenye rock, "albamu ya solo" ni albamu ambayo mwanamuziki anaitoa kwa jina lake mwenyewe, nje ya bendi iliyomtambulisha. Haimaanishi yuko peke yake studio. Anaweza kuita watu hata 20. Tofauti ni kwamba uamuzi wa mwisho ni wake, na jina lililo kwenye kava ni lake.

Morello alitoa albamu yake ya kwanza nje ya bendi mwaka 2007 kwa jina la The Nightwatchman. Huko aliimba mwenyewe na gitaa la kawaida, zile nyimbo za mgomo na maandamano. Albamu ya kwanza ya studio kwa jina la Tom Morello ilikuja Oktoba 2018, ikaitwa The Atlas Underground. Hiyo ya 2021 ni mwendelezo wake.

Wazo la mfululizo huu ni rahisi kulieleza, gumu kulifanya: chukua gitaa zito la rock, liweke ndani ya muziki wa kielektroniki wa kumbi za disko, halafu waite waimbaji na marapa waimbe juu yake.

Kwa mashabiki wa zamani hilo lilikuwa jambo. Albamu za Rage ziliandikwa kwenye jalada kwamba kila sauti inayosikika imetoka kwa gitaa, bezi, ngoma na mdomo, hakuna kompyuta. Sasa mtu yuleyule anafanya kazi na madijei.

Mwaka 2020 kulitokea nini?

Rage Against the Machine walikuwa wamekubaliana kurudi jukwaani baada ya miaka mingi. Ziara ilipangwa kuanza mwishoni mwa Machi 2020. Machi 19, jimbo la California likawaambia wakazi wake wabaki nyumbani. Ziara ikasogezwa mbele. Ilikuja kuanza Julai 2022.

Arusha inaukumbuka mwezi huo vizuri. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania, Machi 16, 2020, alikuwa ameingia kupitia Uwanja wa KIA. Huku hatukufungiwa ndani kama California, lakini watalii waliacha kuja. Hoteli zikabaki tupu, na mwanamuziki anayeishi kwa kupiga hotelini wikiendi anajua maana yake.

Kwa Morello, shida haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya aina nyingine. Nyumbani alikuwa na watoto, mama yake aliyekuwa na miaka 96 wakati huo, na mama mkwe ambaye naye ni mzee. Hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kuingia, maana ugonjwa ule ungeingia ndani ya nyumba hiyo ungekuwa msiba.

Na hapo ndipo tatizo la studio lilipojitokeza. Studio ipo, mashine zipo, lakini mwenye studio hajui kuziendesha. Miaka yote kazi yake ni kupiga gitaa. Vitufe ni kazi ya injinia, na injinia haruhusiwi kuingia.

Amesimulia kwenye mahojiano kwamba miezi ilipita bila kugusa gitaa. Mtu aliyekuwa akifanya mazoezi saa nane kwa siku akakaa hivihivi. Albamu hii, kwa maelezo yake, ilikuwa kama boya la kumwokoa mtu asizame.

Simu iliingiaje?

Alisoma mahali kwamba Kanye West aliwahi kurekodi sauti zake za albamu kwa programu ya kurekodi sauti kwenye simu. Siyo programu ya kulipia, ni ile inayokuja na simu, ambayo wengi wetu tunaitumia kurekodi mhadhara chuoni au kikao cha ukoo.

Akaamua kujaribu. Akawasha amplifaya, akaweka simu mbele yake, akabonyeza kitufe chekundu, akapiga.

Alichokuwa anarekodi ni vipande vifupi. Wapiga rock wanaviita rifu: kipande cha gitaa cha sekunde chache kinachojirudia na kuubeba wimbo mzima. Ni kama kile kiitikio cha magitaa kwenye dansi ambacho ukikisikia tu unajua ni wimbo gani, kabla mtu hajafungua mdomo.

Akamtumia prodyuza. Prodyuza akasikiliza, akashangaa, akaanza kukitengenezea biti. Hapo albamu ikawa imeanza.

Lakini simu inawezaje kurekodi gitaa likasikika vizuri?

Hili ndilo swali la msingi, na jibu lake liko kwenye fizikia ya gitaa la umeme lenyewe.

Sauti hupimwa kwa kipimo kinachoitwa hezi. Sikio la binadamu mwenye afya husikia kuanzia kama hezi 20, mngurumo wa chini kabisa, hadi hezi 20,000, mlio mwembamba sana.

Gitaa la umeme halihitaji nafasi yote hiyo. Waya wake mnene kabisa hutoa sauti ya hezi 82 hivi. Juu nako, spika ya amplifaya ya gitaa huanza kufifia ikifika hezi 5,000 au 6,000. Yaani spika yenyewe inakata ncha zote mbili kabla sauti haijafika kwenye maiki yoyote.

Sasa, maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayeongea. Inafanya vizuri zaidi katikati, na katikati ndipo gitaa la umeme linapokaa.

Kuna kingine. Gitaa la rock hupigwa likiwa na mkwaruzo wa makusudi. Mkwaruzo huo unaibana sauti, unafanya kelele na ukimya visipishane sana. Simu nayo ina tabia ya kujirekebisha, kupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa. Kwa gitaa ambalo tayari limebanwa, tabia hiyo haiharibu kitu kikubwa.

Ndiyo maana mbinu hii haifanyi kazi kwa kila chombo. Ngoma za bendi zitakwaruza. Bezi itakosa tumbo. Gitaa kavu lisilo la umeme litasikika kama linapigwa ndani ya debe, na sauti ya kuimba itabeba mwangwi wa chumba. Morello alikuwa na bahati kwamba chombo chake ni kimoja kati ya vinavyoivumilia simu.

Mikono nayo ina kazi yake

Ukisikiliza gitaa la Morello kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani ni dijei anakwaruza santuri. Siyo. Ni gitaa, na ujanja wake unajulikana.

Gitaa la umeme huwa na vinasa sauti viwili chini ya nyaya, na swichi ya kuchagua kimoja. Morello anakizima kimoja kabisa, anaacha kingine wazi. Akichezesha swichi harakaharaka, sauti inawaka na kuzima kama taa inayochezewa. Mkono mwingine unasugua nyaya. Matokeo yake ni ule mkwaruzo wa santuri.

Pia anatumia pedali ya mguuni inayoweza kupandisha sauti hadi oktavu mbili juu. Ukikanyaga, noti inapaa kama king'ora.

Gitaa lake maarufu zaidi si la bei mbaya. Aliliunganisha kwa vipande mbalimbali na kubadilisha sehemu nyingi mpaka likamridhisha, akaliandika maneno ya kuwatetea watu wasio na makazi.

Hii inaeleza kitu muhimu kuhusu albamu ya simu. Sauti yake haikutoka kwenye mashine za studio hata siku za nyuma. Ilitoka kwenye swichi, mguu na vidole. Hivyo vyote vilikuwa chumbani pamoja naye.

Kutoka rifu hadi wimbo: safari ya faili

Albamu za aina hii hupita hatua ambazo kijana yeyote mwenye simu anaweza kuzielewa.

1. Kunasa. Mpiga gitaa anarekodi vipande. Vingi vitatupwa.
2. Kutuma. Faili linaenda kwa prodyuza popote alipo.
3. Kupanga mwendo. Prodyuza anapima kasi ya kipande, anakikata, anakirudia, anajenga biti chini yake.
4. Sauti ya mtu. Mwimbaji anapokea biti, anaandika maneno, anarekodi kwake, anarudisha.
5. Kuchanganya. Fundi anaziweka sauti zote kwenye mizani: nini kiwe mbele, nini nyuma, nini kulia, nini kushoto.
6. Kumalizia. Fundi wa mwisho anahakikisha nyimbo zote 12 zina ujazo unaolingana, ziwe zinasikilizwa kwenye gari, klabu au earphone.

Simu ilifanya hatua ya kwanza tu, na kwa magitaa tu. Hatua nyingine zote zilifanywa na wataalamu wenye vifaa kamili. Watu wakisimulia stori hii mtandaoni, sehemu hii ndiyo wanayoiruka.

Nani wamo humo ndani?

Kufungiwa ndani kulikuwa na faida moja: hata mastaa walikuwa nyumbani, hawana ziara, wanapokea simu.

Wimbo unaofungua, Harlem Hellfighter, hauna mwimbaji. Jina lake linatokana na kikosi cha wanajeshi weusi wa Marekani waliopigana Ufaransa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mtaa wao wa Harlem ndiko Morello alikozaliwa.

Chris Stapleton, mkali wa muziki wa country, yupo kwenye The War Inside, wimbo ambao jina lake tu linaonyesha watu walikuwa wanapitia nini mwaka ule. Damian Marley, mtoto wa mwisho wa kiume wa Bob Marley, yupo kwenye The Achilles List. Kutoka Uingereza kuna Bring Me the Horizon. Kutoka Sweden kuna Dennis Lyxzén wa bendi ya Refused. Wimbo wa mwisho, On the Shore of Eternity, amefanya na Sama' Abdulhadi, dijei wa kike kutoka Palestina.

Uliovuma zaidi ni Highway to Hell, wimbo wa AC/DC wa mwaka 1979. Humo wapo Bruce Springsteen na Eddie Vedder wa Pearl Jam. Historia yake inarudi mwaka 2014, Morello alipokuwa Australia kwenye ziara na Springsteen. AC/DC ni bendi ya huko, kwa hiyo wakaamua kuupiga wimbo huo jukwaani, na mjini Melbourne Vedder akapanda kujiunga nao. Miaka saba baadaye watatu hao wakaurekodi.

Vipande vilivyobaki havikutupwa. Desemba 3, 2021, chini ya miezi miwili baadaye, Morello akatoa albamu pacha, The Atlas Underground Flood. Moto kwanza, kisha mafuriko.

Je, ni albamu nzuri?

Maoni yaligawanyika. Waliopenda walisema ni jambo la maana mtu wa umri wake kuendelea kujaribu vitu. Wasiopenda walisema wageni ni wengi mno, na kila wimbo unaelekea upande wake kiasi kwamba mwenye albamu anapotea.

Hoja hiyo ya pili ina uzito. Ukitengeneza muziki kwa kutumiana mafaili, hakuna mtu wa kukwambia palepale "hapana, hapo punguza". Bendi ikiwa chumba kimoja, mpiga ngoma akikunja uso unajua rifu haijakaa sawa. Kwenye faili uso hauonekani.

Lakini zipo nyimbo ambazo gitaa linasikika kama mtu aliyetoka kufunguliwa mlango.

Zamani mpiga gitaa alilazimika kusafiri

Ili kuona ukubwa wa mabadiliko haya, angalia historia yetu.

Bendi za dansi za Tanzania zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Wanamuziki wote chumba kimoja, mara nyingi mara moja tu, mwisho wimbo unahifadhiwa kwenye tepu kwa ajili ya redio. Aliyetaka santuri ya kuuzwa dukani alikwenda Nairobi, maana viwanda vya santuri vilikuwa huko. Mbaraka Mwinshehe alikuwa mmoja wa waliopanda kwenda Kenya kurekodi. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa huko huko kikazi.

Remmy Ongala na Super Matimila walisafiri mbali zaidi. Albamu yao Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 ilirekodiwa kwenye studio ya Peter Gabriel, Uingereza.

Kwa hiyo kwa miongo kadhaa mpiga gitaa wa Afrika Mashariki aliifuata studio ilipo, barabarani au angani. Mwaka 2020, mtu mwenye studio ndani ya nyumba yake alitumia kifaa ambacho siku hizi kipo mkononi mwa bodaboda pale stendi.

Ukitaka kujaribu ukiwa Lemara

Arusha inajulikana kwa hip hop. X Plastaz waliipeleka Chuga Ulaya, na Weusi wakaikalisha juu kwenye chati za hapa nyumbani. Rock haina jina kubwa. Lakini wapiga gitaa wapo, wengi wao wamejifunzia kanisani, kwenye kwaya na bendi za ibada. Kwa hao, haya ndiyo ya kuzingatia.

Zima kila kitu kwenye simu. Weka hali ya ndege. Meseji ikiingia katikati ya rifu nzuri, mtetemo wake utarekodiwa nao.

Usiisogeze simu karibu sana. Anza na hatua moja kutoka kwenye amplifaya, sikiliza, kisha sogeza kidogokidogo. Sauti ikianza kukwaruza mkwaruzo ambao si wa gitaa lako, umezidisha. Punguza sauti ya amplifaya kabla hujafanya kingine.

Chagua saa. Nyumba nyingi ni za bati, na mvua za masika Arusha hazina adabu. Mvua ikianza, pumzika. Usiku ukishatulia ni salama kwa bodaboda na majogoo, ila kumbuka jirani naye amelala.

Ning'iniza vitu laini. Blanketi, mapazia, godoro limeegeshwa ukutani. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kinarudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye faili hautoki.

Piga kwa mwendo. Pakua metronomu ya bure kwenye simu nyingine, isikilize kwa earphone. Prodyuza anaweza kusafisha sauti chafu, lakini kipande kinachokimbia na kupungua mwendo kitampotezea siku nzima.

Usitume kama voice note ya WhatsApp. Ile inabanwa mpaka inapoteza ubora. Tuma kama dokumenti, au pandisha kwenye Google Drive. Hapa bando linahusika: faili lisilobanwa la WAV, la maiki moja, ni kama MB 5 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 ni MB 20 na ushee. Ukirekodi vipande badala ya wimbo mzima, kama alivyofanya Morello, unaokoa bando na muda.

Hifadhi sehemu mbili. Simu ikiibiwa au ikidondoka kwenye maji, albamu nayo imekwenda.

Kabla hujatuma: wimbo ni wa nani?

Hapa ndipo penye hatari halisi kwa msanii mchanga, kuliko hata ubora wa maiki.

Albamu ya Morello ina watu zaidi ya kumi kutoka nchi tofauti, na kila mmoja aliweka kitu chake. Nyuma yake kuna lebo, Mom + Pop, na makubaliano ya nani ameandika nini na nani analipwa asilimia ngapi. Hata Highway to Hell, ambao haukubadilishwa maneno, bado haki ya utunzi ni ya Angus Young, Malcolm Young na Bon Scott waliouandika. Anayeurudia wimbo wa mtu anamiliki alichorekodi, hamiliki utunzi.

Sasa fikiria kijana wa Lemara anayetuma rifu kumi kwa prodyuza aliyemjua Instagram. Hakuna karatasi. Miezi sita baadaye anasikia rifu yake kwenye wimbo unaopigwa daladala nzima ya Kilombero, jina lake halipo popote. Atathibitishaje?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kazi. Ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini sheria inahitaji ushahidi. Ndiyo maana kusajili kazi COSOTA kunasaidia, na ndiyo maana faili la mwanzo kwenye simu, lenye tarehe na saa yake, halipaswi kufutwa hata kama "limeshatumika".

Makubaliano nayo si lazima yawe ya mawakili siku ya kwanza. Ujumbe unaoeleweka ni bora kuliko kimya: hii rifu ni yangu, ukiitumia tunagawana utunzi kiasi hiki, jina langu linaandikwa hivi. Akijibu "sawa", umepata pa kuanzia. Akikwepa kujibu, umepata jibu pia, na umelipata kabla ya kutuma faili.

Kwa hiyo simu inatosha?

Inatosha kuanza. Kwa gitaa la umeme, inatosha kunasa kitu ambacho fundi mzuri anaweza kukifikisha kwenye albamu inayouzwa dunia nzima. Hilo limeshathibitishwa.

Haitoshi kumaliza. Morello alikuwa na simu, lakini pia alikuwa na miaka 30 ya jina, namba za simu za Springsteen na Vedder, lebo ya kulipa mafundi, na vidole vilivyokwishafanya mazoezi saa elfu nyingi kabla simu janja haijavumbuliwa.

Katika orodha hiyo, namba ya Springsteen huwezi kuipata kesho. Vidole unaweza kuanza navyo leo jioni, umeme ukiwepo. Na ukikatika, gitaa la umeme bila amplifaya bado linasikika, kidogo tu, vya kutosha kwa anayefanya mazoezi peke yake.